Korg ilipoingiza sinthesaiza kwenye kompyuta: uchambuzi wa kisa kwa wapiga vinanda wa Dodoma

Mwaka 2004 kampuni ya Korg ya Japani ilitoa kifurushi chenye vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa programu za kompyuta zenye milio ya sinthesaiza zake tatu za zamani, yaani vinanda vinavyounda milio kwa umeme: MS-20 ya 1978, Polysix ya 1981 na Wavestation ya 1990. Cha pili kilikuwa kibodi ndogo yenye umbo lile lile la MS-20, na nobu zake na matundu yake ya kuchomekea nyaya, ila ndani haikuwa na mlio wowote. Ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, nobu uliyoizungusha kwa mkono ilizunguka kwenye skrini, na waya uliochomeka kwenye kibodi ulionekana umechomekwa pale pale kwenye picha. Kifurushi kiliitwa Legacy Collection, yaani Mkusanyo wa Urithi.

Nimekichukua kisa hiki kwa sababu uamuzi wa namna hiyo unafanywa hapa Dodoma kila kwaya inapochanga fedha za kinanda. Kamati ikikaa, hoja huwa ni zile zile. Kijana anayepiga anasema inunuliwe laptopu na kibodi ya kawaida, milio yote ataiweka yeye. Mzee mmoja anamjibu, "Mwanangu, hiyo laptopu ikigoma katikati ya ibada, sisi tutafanyaje?" Kijana anasema, "Mzee, hata kinanda kinaweza kugoma." Wote wawili wana hoja, na mara nyingi kikao kinaisha kwa kuangalia bei tu. Upande wa studio ndogo za Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu mjadala uliisha siku nyingi: humo kila kitu ni kompyuta.

Swali ambalo bei haijibu ni hili: mtengenezaji anapotoka kwenye chombo na kuingia kwenye programu, ni nini hasa kinachohama naye? Baada ya kuifuatilia Korg kwa muda, naona kwamba mlio unahama vizuri kuliko watu wengi wanavyoamini. Kisichohama ni dhamana. Ile kazi ya kuhakikisha kwamba ukibonyeza, inalia, sasa hivi na kesho, kiwanda kinaiacha nyuma, na anayeiokota ni mpigaji.

Walikotoka

Korg ilianzishwa Tokyo mwaka 1962 na Tsutomu Katoh, aliyekuwa na klabu ya usiku, pamoja na Tadashi Osanai, mpiga akodiani aliyekuwa akipiga humo kwa kusindikizwa na mashine ya midundo ya Wurlitzer ambayo hakuridhika nayo. Bidhaa yao ya kwanza, Donca-Matic ya 1963, ilikuwa mashine ya midundo. Kampuni ilizaliwa na malalamiko ya mtu aliyekuwa jukwaani, na kwa maoni yangu hilo linaeleza mambo mengi iliyoyafanya baadaye.

Kilichoipa jina kubwa ni M1 ya mwaka 1988. Ilikuwa na vitufe 61, ikaweza kutoa noti 16 kwa pamoja, na milio yake ilitokana na rekodi za vyombo halisi zilizohifadhiwa kwenye chipu za kumbukumbu zenye megabaiti 4. Picha moja ya simu ya leo inaweza kujaza nafasi hiyo. Ndani mlikuwa na mwangwi na efekti nyingine, na kinasa cha njia 8, hivyo mtu mmoja aliweza kutunga wimbo mzima, ngoma na besi na vinanda, bila kugusa kompyuta. Piano yake kavu na ogani yake ndizo zilizotawala muziki wa house wa miaka ya 1990. M1 ni miongoni mwa sinthesaiza zilizouzwa sana kuliko zote.

Kampuni yenye mafanikio hayo ingeweza kukaa palepale. Lakini mwaka 1996 Steinberg ya Ujerumani ilitoa VST, utaratibu wa kuchomeka programu moja ndani ya nyingine, na toleo la 1999 likaruhusu ala nzima za muziki kuingia humo. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Propellerhead ya Sweden ilikuwa imetoa programu ya ReBirth iliyoiga mashine za Roland ya Japani, TB-303 ya besi na TR-808 ya midundo. Angalia nani aliiga: Roland ndio walioziunda mashine hizo, na vijana wa Sweden ndio walioziingiza kwenye kompyuta. Mwaka huo huo Dave Smith, mtu wa Sequential, kampuni ya sinthesaiza ya Marekani, ambaye kikosi chake kilikuwa kimehamia Korg na kuiunda Wavestation, alitoa programu iitwayo Reality iliyotengeneza sauti kwa kutumia prosesa ya kompyuta ya kawaida. Hivyo milio ilikuwa imeshaanza kuondoka kwenye masanduku yake. Kilichobaki kwa kampuni kongwe kilikuwa kuamua kama wataihamisha wao wenyewe au watahamishiwa na wengine.

Kazi mbili tofauti

Watu husema "wameiweka MS-20 kwenye kompyuta" na "wameiweka M1 kwenye kompyuta" kana kwamba ni kazi moja. Ni kazi mbili zilizo mbali sana.

MS-20 ni umeme unaopita kwenye transista, vipinga na kapasita. Mlio wake mkali, ule unaopiga kelele ukiifungua hadi mwisho filta, sehemu inayochuja mlio, unatokana na namna vipuri hivyo vinavyozidiwa na kusukumana. Programu haina transista. Kwa hiyo Korg ililazimika kuandika hesabu inayofuata tabia ya saketi kipande kwa kipande, na njia hiyo wakaiita CMT (Component Modeling Technology), yaani kuiga vipuri. Hapo anayesema kwamba chombo halisi kina kitu cha ziada ana hoja ya kusikilizwa, kwa kuwa saketi halisi hubadilika na joto, na mashine mbili za mwaka mmoja hazilii sawasawa.

M1 ni jambo jingine kabisa. Yenyewe tangu mwanzo ilikuwa kompyuta ndogo inayosoma rekodi. Programu ya M1 iliyofuata mwaka 2005 ilitumia rekodi zile zile, kwa hiyo piano unayoisikia kwenye laptopu ni ile ile ya 1988. Tofauti iliyobaki iko mlangoni, pale namba zinapogeuzwa kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika. Mtu anayesema M1 ya programu "haina roho" simwelewi vizuri, isipokuwa kama anachokikosa ni uzito wa vitufe na uzito wa kumbukumbu zake.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji wa vinanda hawapendi kulisema. Mwaka 2005 Korg ilitoa OASYS, kinanda kikubwa cha bei kubwa, na mwaka 2011 ikatoa Kronos. Vyote viwili, ukifungua mfuniko, ni kompyuta: prosesa ya Intel na mfumo wa Linux. Ndani ya Kronos mna hata injini za MS-20 na Polysix zilizotokana na hesabu zile zile za Legacy Collection. Programu ilitoka kwenye kompyuta ya mteja ikarudi ndani ya sanduku la kiwanda. Ndiyo maana mabishano ya "kinanda halisi" dhidi ya "programu" huwa yanakosea mahali pa kugombania. Kronos na laptopu vinaweza kuwa na hesabu moja tumboni. Tofauti ni kwamba Kronos iliunganishwa na watu waliochagua prosesa, wakaondoa kila kazi isiyohusu muziki, wakaijaribu, kisha wakaweka jina lao mgongoni. Laptopu ya kijana wa kwaya imeunganishwa na kijana wa kwaya.

Mzigo unapotua Dodoma

Njoo sasa kanisani, Jumapili, kijana ana laptopu ya Windows na kibodi ya USB. Anabonyeza, mlio unatoka, lakini unachelewa kidogo. Kwaya haijui kinachotokea. Inahisi tu kwamba kinanda kinaburuta. Sababu inahesabika. Kompyuta haitoi sauti nukta kwa nukta, yaani kipimo kidogo kimoja kimoja, inazikusanya nukta kwenye fungu kwanza. Sauti ya kawaida ina nukta 44,100 kwa sekunde. Fungu likiwa la nukta 512, muda wa kulijaza ni milisekunde 11.6, na hapo hujaongeza ucheleweshaji wa kibodi na wa draiva ya sauti, yaani programu ndogo inayoiongoza kadi ya sauti. Kijana akishusha fungu hadi nukta 128, muda unakuwa milisekunde 2.9 na mkono unaanza kuhisi chombo. Ila sasa prosesa inapewa muda mfupi wa kumaliza hesabu zake, na ikizidiwa spika zinaanza kutoa mikwaruzo katikati ya pambio. Kati ya namba hizo mbili kuna mahali pa kukaa, na kupapata kunataka kadi ya sauti ya nje, draiva sahihi, na mtu aliyejaribu wakati wa mazoezi, siku kadhaa kabla ya ibada. Mnunuzi wa kinanda hajawahi kuulizwa habari za fungu. Mhandisi mmoja kiwandani aliamua, akafunga mjadala.

Kwenye umeme mambo si rahisi kama mzee wa kamati anavyodhani. Umeme ukikatika laptopu inaendelea kwa betri yake, na kibodi ya USB inakula humo humo. Kinanda kinachotegemea ukuta ndicho kinachozima. Lakini spika zimezima pia, kwa hiyo faida hiyo haisikiki. Umeme ukirudi, kinanda kinaamka baada ya sekunde chache kikiwa pale pale, wakati laptopu inaweza kuwa imepoteza kadi ya sauti na kutaka programu ifunguliwe upya. Na kuna siku inaamua kujisasisha yenyewe muda wa sadaka.

Halafu vumbi. Kiangazi cha Dodoma kina upepo, na upepo huo unabeba udongo mwekundu hadi ndani ya kabati lililofungwa. Laptopu inavuta hewa kwa feni, na kinachovutwa na hewa kinabaki ndani. Prosesa ikipata joto inapunguza mwendo wake ili isiungue, na mwendo ukipungua ile mikwaruzo inarudi. Vinanda vingi havina feni; vumbi lake hukaa chini ya vitufe, kwenye mpira wa mguso, na fundi wa redio anayejua kazi yake anaweza kuusafisha kwa spiriti akakurudishia noti zilizokufa. Programu ikikataa leseni yake, hakuna fundi mjini wa kuifungua.

Leseni ndiyo ninayoiona nzito kuliko yote. Kununua programu kihalali kunataka kadi ya benki inayokubaliwa mtandaoni, bando la kupakua gigabaiti kadhaa, na akaunti ambayo nywila yake haipotei kijana akihamia Mwanza. Kwaya ikinunua kinanda, kinanda ni cha kwaya. Ikinunua programu kwa barua pepe ya mpigaji, programu imeondoka na mpigaji. Nimeona watu wakikwepa yote hayo kwa nakala za wizi kwenye flashi, na siwezi kuzisifia: zinakuja na virusi, hazipati marekebisho, na zinamzoesha kijana kuamini kwamba kazi ya mtu aliyeandika ile hesabu ya saketi haina thamani, wakati yeye mwenyewe anataka alipwe kwa biti zake.

Nisiwe mkali kwa programu peke yake. M1 ina betri ndogo ndani inayoshikilia kumbukumbu. Ikiisha, milio uliyoitengeneza inafutika, na kuirudisha ile ya kiwandani inabidi utumiwe faili kupitia MIDI, lugha ambayo vyombo vya umeme hutumiana. Kutoka wapi? Kwenye kompyuta.

Asiye na kumbukumbu ya chombo

Legacy Collection iliuzwa kwa watu waliokuwa wameimiliki MS-20, au walioitamani ujanani wakashindwa bei. Jina lenyewe linazungumza na wazee wa fani. Prodyuza wa miaka 20 pale karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hana kumbukumbu hiyo. Yeye alianza na FL Studio, programu ya kutungia muziki, akipiga noti kwa vitufe vya kuandikia barua. Mlio wa log drum, ile besi inayogonga kama ngoma, anaouweka kwenye amapiano umetoka kwenye DX10, ala iliyomo ndani ya FL Studio, inayotumia FM, njia ya kuunda mlio kwa wimbi moja kutetemesha jingine, aliyoigundua John Chowning wa Stanford na ambayo Yamaha waliifanya maarufu kwa DX7 ya 1983. Wapigaji wa kwanza wa mlio huo waliupata kwenye programu moja kwa moja. Kwa kijana huyu kompyuta ndiyo chombo chenyewe, na mtengenezaji anayetaka fedha yake hawezi kumuuzia zamani. Itabidi amuuzie kitu kinachofanya kazi ambayo chombo hakikuwahi kuifanya.

Kitu hicho kipo, na kinagusa mkoa huu moja kwa moja. Ilimba ya Wagogo, chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, haikupimwa kwa ngazi ya piano. Wataalamu wa muziki wameeleza kwamba ngazi ya Kigogo inafuata sauti za asili zinazojitokeza juu ya uzi mmoja unaotetema, na mojawapo ni ile ya saba katika mfululizo huo. Nusu toni ya piano ikigawanywa katika senti 100, sauti hiyo ya saba inaangukia karibu na senti 969 juu ya mzizi wake, wakati kitufe cha piano kinachokaribiana nayo kiko 1000. Pengo la senti 31 ni karibu theluthi ya nusu toni. Sikio la mtu aliyekulia kwenye ngoma za Chamwino linalisikia mara moja, na ndiyo maana kinanda kikisindikiza wimbo wa Kigogo kanisani waimbaji huvutwa polepole hadi waache ngazi yao na kushika ya kinanda. Kwangu huo ni upotevu mkubwa kuliko ubovu wowote wa mashine.

Programu nyingi za leo zinakuruhusu kushusha kila kitufe mahali pake, senti kwa senti, na kulihifadhi badiliko hilo kama faili unayoweza kumpa mwenzako. Kuna vinanda vyenye uwezo huo pia, hasa vilivyotengenezwa kwa kufikiria muziki wa Kiarabu, ila vinanda vingi vya bei ya chini vinavyofika makanisani kwetu havina. Hapa programu inatupa kitu ambacho sanduku lilitunyima.

Hata hivyo ilimba nzima haiingii. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze duniani hadi alipofariki mwaka 2003, alikuwa akipiga chombo ambacho vyuma vyake vinaitikiana: ukigusa kimoja, jirani zake nao wanatetema, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la sanduku unaongeza mvumo wake. Ukirekodi kila chuma peke yake na kukiweka kwenye kitufe, umeokota noti umeacha maitikio. Kuyapata inabidi uandike hesabu ya chombo kizima, kama Korg walivyofanya kwa saketi ya MS-20. Kazi hiyo inawezekana kabisa, na ningefurahi kuona vijana wanaosoma kompyuta hapa Dodoma wakikaa na wapiga ilimba wa Chamwino wakaifanya, kabla hajaifanya mtu wa mbali na kutuuzia.

Chombo kikarudi

Kilichotokea baada ya 2004 hakikutabirika kirahisi. Korg iliendelea na programu: mwaka 2008 ikatoka DS-10 ya kuchezea kwenye Nintendo DS, mwaka 2010 iMS-20 ya iPad, mwaka 2014 Gadget. Wakati huo huo, mwaka 2010, ikatoa monotron, kisanduku cha betri kinachoenea kiganjani chenye filta ya MS-20, filta ya umeme wa kweli. Mwaka 2013 ikaja MS-20 mini, chombo kizima kimerudi kwa umbo dogo kidogo, wahandisi wa mwanzo wakishirikishwa. Miaka tisa ya kuiuza MS-20 kama programu haikuua hamu ya chombo. Naamini iliikuza, kwa sababu maelfu ya watu ambao wasingeigusa MS-20 maishani walijifunza nyaya zake kwenye skrini, kisha wakazitaka mkononi.

Arturia ya Ufaransa ilipita njia hiyo kinyumenyume: ilianza mwaka 1999 ikiwa kampuni ya programu, na mwaka 2012 ikatoa MiniBrute, sinthesaiza ya saketi halisi. Wote wawili walifika pale ambapo kile kifurushi cha 2004 kilikuwa kimeshaonyesha, yaani hesabu ndani ya kompyuta na vitufe chini ya vidole, vimeunganishwa kwa waya.

Kinachoruhusu muungano huo ni MIDI, lugha ya vyombo iliyoanza mwaka 1983 na ambayo haijavunjwa hadi leo. M1 ya 1988 inaweza kuamrisha laptopu iliyonunuliwa jana kwa kebo moja ya kugeuza MIDI kuwa USB. Kwa hiyo kamati ya kwaya haina sababu ya kugawanyika. Kama fedha inatosha kitu kimoja, inunue kinanda chenye milio yake chenyewe, na kabla ya kulipa igeuze mgongo wake iangalie kama kina tundu la MIDI au USB la kupeleka noti kwenye kompyuta, kwa sababu vingine vya bei ndogo vina USB ya flashi tu. Risiti iandikwe jina la kwaya. Laptopu ifuate fedha ikipatikana tena, pamoja na kadi ya sauti ya nje, na akaunti ya leseni ifunguliwe kwa barua pepe ya kwaya ambayo katibu ana nywila yake. Kijana aanze nayo kwenye mazoezi na kurekodi, ajaribu mafungu ya 512, 256 na 128 hadi apate lisilokwaruza, na siku ya ibada aichomeke kwenye kinanda kile kile. Ikigoma, anateremsha sauti ya laptopu kwenye miksa, anapandisha ya kinanda, na waimbaji wanaendelea na ubeti.